CHOMBO AU HABARI?
Historia ya Siri za Dola na Haki ya Umma Kujua

Mkulima wa Kitomanga, katika mwambao wa Lindi, akishapeleka magunia yake ya ufuta au korosho kwenye chama cha msingi, hupewa stakabadhi, kisha husubiri mnada. Fedha zinapomfikia huwa zimekwisha kukatwa: ushuru wa halmashauri, gharama za ghala, fungu la chama cha msingi, fungu la chama kikuu. Hapo ndipo anapouliza swali fupi lenye uzito mkubwa wa kisiasa: makato haya yaliamuliwa na nani, katika kikao gani, na hesabu yake iko wapi?

Swali hilo linaweza kujibiwa kwa njia tatu. Mkulima anaweza kuonyeshwa hesabu. Anaweza kuambiwa kwamba sehemu fulani ya hesabu imezuiwa na sheria, na akaelezwa sababu yake. Au anaweza kuambiwa kwamba chombo anachokiuliza hakiulizwi. Makala hii inahusu jibu hilo la tatu. Tunataka kuonyesha lilikotoka, jinsi lilivyorithiwa, na kwa nini kada wa Chama hapaswi kulikubali pasipo kulipima.

Msimamo wetu tunautaja mapema, ili msomaji aupime katika kila hatua. Dola yoyote ina siri za haki, na dola ya wakulima na wafanyakazi inazo pia. Lakini siri ya haki hufuata habari yenyewe, haifuati chombo. Pale sheria au mazoea yanapokikinga chombo kizima, kinachofichwa si mipango ya ulinzi peke yake. Hufichwa pia bei ya maharage.

1. SIRI CHINI YA UKOLONI

Utawala wa Kijerumani katika pwani ya Kilwa na Lindi uliendeshwa kwa mikono ya maliwali, maakida na majumbe. Hao walikusanya kodi, walihesabu vichwa, na walipeleka watu mashambani. Hesabu ilikwenda juu tu. Kuanzia mwaka 1902 ulipoanzishwa mpango wa mashamba ya pamba ya lazima, watu walilima kwa amri, wakalipwa malipo duni, wala hapakuwa na kikao ambamo mlimaji angeweza kuuliza pamba yake iliuzwa kwa kiasi gani. Julai 1905 Wamatumbi, nyuma ya mji wa Kilwa, waling'oa pamba, na Vita vya Majimaji vikaanza. Hatusemi kwamba vita hivyo vilizuka kwa sababu watu walinyimwa hesabu. Vilizuka kwa sababu ya dhuluma. Lakini dhuluma hiyo ilisimama juu ya mfumo ambamo anayevuja jasho hana haki ya kujua, na anayejua hana wajibu wa kujibu.

Waingereza walikuja na mapokeo yao. Agosti 1911 Bunge la London lilipitisha Sheria ya Siri za Serikali kwa mchana mmoja, kwa hofu ya wapelelezi wa Kijerumani. Kifungu chake cha pili hakikuwahusu wapelelezi peke yao. Kilimfanya mtumishi yeyote wa serikali anayetoa habari bila ruhusa kuwa mhalifu, hata kama habari yenyewe haina uhusiano wowote na vita. Kifungu hicho kilidumu Uingereza hadi mwaka 1989. Kwa watumishi wa makoloni ndicho kilichokuwa shule ya utumishi: jambo lolote lililo ndani ya faili ni siri mpaka mkubwa aseme si siri.

Watu wa Lindi waliona matokeo yake kwa macho. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, na bandari mpya ikajengwa Mtwara. Matrekta yalishushwa na ardhi ikafyekwa. Mpango ukaanguka, na mwaka 1951 pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Fedha hizo zilijadiliwa katika Bunge la London, kwa kuwa zilikuwa za walipa kodi wa Uingereza. Ardhi ilikuwa ya Watanganyika, na kazi ilikuwa yao, lakini hawakuwa na mbunge waliyemchagua, wala njia ya kisheria ya kulidai shirika lile maelezo. Kwa shirika lile, umma uliostahili kujibiwa ulikuwa ng'ambo ya bahari.

Ukoloni uliondoka kama ulivyoishi. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliwaagiza magavana wasizikabidhi serikali mpya nyaraka ambazo zingeiaibisha serikali ya Uingereza, au kuwafichua watoa habari wake wa polisi na jeshi. Nyaraka nyingine zilichomwa moto, nyingine zikasafirishwa. Mwaka 2011, katika kesi ya London ya wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau, ilibainika kwamba mafaili yapatayo 8,800 ya makoloni 37 yalikuwa yamefichwa katika jumba la serikali huko Hanslope Park. Mafaili ya Tanganyika yalikuwamo katika hazina hiyo. Kwa miaka 50 historia yetu wenyewe ilikuwa mikononi mwa chombo kisichoulizwa.

2. BAADA YA UHURU: SIRI YA HAKI NA SIRI YA MAZOEA

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kila siri ni mabaki ya ukoloni. Wananchi wa Kusini wanajua zaidi ya wengine kwamba mapinduzi yana siri zake. FRELIMO walipokuwa na kambi Nachingwea, njia za kwenda Ruvuma, idadi ya wapiganaji na siku za safari zilikuwa siri za kufa na kupona. Wareno walikuwa ng'ambo ya mto, na mawakala wao walikuwa kila mahali. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 ilitungwa katika mazingira hayo, na hatuwezi kuihukumu kana kwamba ilitungwa katika nchi iliyolala salama. Wanavijiji waliowaona wapiganaji wakipita usiku hawakuhitaji kuonyeshwa kifungu cha sheria ili wafunge midomo. Walijua ni jambo gani linaua likisemwa.

Lakini Sheria hiyo ilibeba ndani yake jambo la zamani: ofisa aliyepewa mamlaka akiipiga habari muhuri wa siri, basi ni siri. Kipimo kilikuwa muhuri, hakikuwa madhara. Muhuri ambao mwaka 1970 ulilinda njia za wapiganaji uliweza kutumika vilevile kulinda uzembe wa ofisi.

Wakati huohuo Taifa lilikuwa limekwisha kuchukua hatua ya kinyume, tena ya kishujaa. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 iliweka Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, na Tume hiyo ilianza kazi mwaka 1966. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika nchi za Afrika zilizotawaliwa na Waingereza. Mwananchi aliyeonewa aliweza kumshtaki kwake ofisa wa serikali, wa serikali za mitaa, wa shirika la umma, na hata wa Chama. Jambo hili la mwisho tulikumbuke, kwani tutalirudia. Hata hivyo Tume ilikuwa na mipaka yake: haikuweza kumchunguza Rais, na taarifa za uchunguzi wake zilikwenda kwa Rais, hazikwenda kwa umma. Mwananchi alipewa mahali pa kulalamika, lakini hakupewa haki ya kusoma faili.

Upungufu huo ulionekana katika uchumi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye kiburi na dharau, ukataka mashirika ya umma yawajibike kwa umma. Miaka michache baadaye zao la korosho liliwekwa chini ya Mamlaka ya Korosho (CATA), na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Katika msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000. Katika msimu wa 1986/87 zilibaki kiasi cha tani 16,500. Sababu zilikuwa nyingi: ugonjwa wa ubwiri unga, watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, na bei iliyoshuka thamani. Miongoni mwa sababu hizo bei ina somo letu. Mkulima hakujua korosho iliuzwa nje kwa kiasi gani, wala gharama za mamlaka zilimeza sehemu gani. Alichokijua ni kilichobaki. Alipoona kinachobaki hakimtoshi, aliacha kupalilia. Hivyo ndivyo mzalishaji asiye na hesabu anavyopiga kura yake: kwa kuliacha jembe.

Mwaka 1982 sheria iliruhusu ushirika urudi, na mwaka 1984 Hati ya Haki za Binadamu iliingizwa katika Katiba. Mwaka 2001 Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ilirithiwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ibara ya 18 ya Katiba, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, na raia haki ya kuarifiwa juu ya mambo muhimu ya jamii.

3. SHERIA ZA LEO ZINASEMAJE?

Sweden ilikuwa ya kwanza duniani kuweka haki hii katika sheria, mwaka 1766. Marekani ilifuata miaka 200 baadaye, mwaka 1966. Uingereza ilitunga yake mwaka 2000, ikaanza kuitumia kikamilifu mwaka 2005. Tukizichunguza sheria za namna hii tunaona njia mbili za kuweka mipaka.

Njia ya kwanza ni kukiondoa chombo. Sheria ya Marekani inazigusa idara za serikali kuu, lakini Bunge na mahakama hazimo. Sheria ya Uingereza inataja orodha ya vyombo vinavyowajibika, na mashirika ya ujasusi hayamo katika orodha hiyo; wala nyumba ya kifalme haimo. Uganda, katika sheria yake ya mwaka 2005, imeziweka nje kumbukumbu za Baraza la Mawaziri na kamati zake, na kumbukumbu za kesi ambazo hazijamalizika. India, mwaka huohuo wa 2005, iliyaondoa mashirika ya ujasusi na usalama yaliyotajwa katika jedwali, lakini ikaweka mlango wa dharura: habari zinazohusu tuhuma za rushwa na uvunjaji wa haki za binadamu haziwezi kufichwa kwa kisingizio cha jedwali hilo.

Njia ya pili ni kuizuia habari ya aina fulani, popote ilipo. Hiyo ndiyo njia ya Kenya na ya kwetu, kwa sheria zilizotungwa mwaka 2016. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, inayotumika Tanzania Bara, haina orodha ya vyombo vilivyosamehewa. Inawataka wenye taarifa wote, yaani mamlaka za umma, na hata mashirika binafsi yanayotumia fedha za umma au yenye taarifa zenye maslahi makubwa kwa umma, wawe na ofisa wa taarifa na wamjibu raia katika muda usiozidi siku 30. Kinachozuiwa ni taarifa ambayo kuitoa kutadhuru ulinzi na usalama, uhusiano na nchi za nje, uchunguzi unaoendelea, faragha ya mtu, maslahi halali ya kibiashara, na mengine ya namna hiyo.

Kwa maandishi, basi, sheria yetu imechagua njia iliyo sahihi. Lakini kada asome mpaka mwisho. Maelezo ya kile kinachoitwa usalama wa taifa ni mapana: yanagusa mikakati ya kijeshi na kazi za kiintelijensia, lakini pia yanagusa mambo ya sayansi, teknolojia na uchumi yanayohusiana na usalama. Rufaa ya raia aliyenyimwa taarifa huenda kwa mkuu wa taasisi iliyomnyima, kisha kwa Waziri, na uamuzi wa Waziri ni wa mwisho isipokuwa pale taasisi yenyewe iko chini yake. Hapo ndipo Mahakama Kuu inapofunguliwa mlango. Na Sheria ya mwaka 1970 ingalipo. Hatari ni kwamba kile ambacho sheria haikukisema kitasemwa na mazoea. Sheria inauliza taarifa hii itamdhuru nani. Mazoea yanauliza wewe ni nani hata uulize.

4. MIFANO MIWILI YA MWAMBAO

Mfano wa kwanza ni gesi. Gesi ya Songo Songo, katika Wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Gesi nyingine nyingi iligunduliwa baadaye katika bahari kuu mbele ya Lindi na Mtwara. Mikataba yake na makampuni ya kigeni ilikuwa na vifungu vya usiri. Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali iliamuru viongozi wa juu wa Shirika la Maendeleo ya Petroli wakamatwe kwa kutowasilisha mikataba 26 iliyotakiwa. Tulitafakari jambo hili. Kama wawakilishi wa wananchi hawakuweza kusoma mkataba bila kuita polisi, mvuvi wa Songo Songo angesoma nini? Usiri ule haukuwa wa ulinzi. Ulikuwa ahadi kwa bepari kwamba mwenye mali hatajua masharti ya mali yake. Mwaka 2015 Bunge lilitunga sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi, inayotaka mikataba itangazwe. Kazi ya kada ni kuuliza, mkataba mmoja baada ya mwingine, kama agizo hilo limetekelezwa.

Mfano wa pili ni korosho. Oktoba 2018 wakulima wa Kusini walikataa bei za minada. Novemba mwaka huo Serikali iliamua kuinunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuisomba. Nia ilikuwa kumkinga mkulima dhidi ya wafanyabiashara, na nia hiyo ilikuwa ya kimapinduzi. Lakini uhakiki ulichukua muda, na wakulima wengine walisubiri fedha zao hadi mwaka uliofuata. Wakati ule mkulima aliyetaka kujua mzigo wake uko wapi na jina lake limefikia wapi katika orodha alikuwa akiuliza habari za nani? Kwa kipimo cha chombo, alikuwa akiuliza habari za jeshi. Kwa kipimo cha habari, alikuwa akiuliza habari za korosho yake. Jeshi linapobeba korosho, kilichobebwa ni korosho. Idadi ya askari na uwezo wa magari yao ni siri ya haki. Idadi ya magunia na tarehe ya malipo si siri.

Hapa ndipo tofauti kati ya njia mbili inapodhihirika. Katika nchi inayojenga uchumi wake kwa mkono wa dola, vyombo vya ulinzi hujenga nyumba, hulima, husafirisha na huuza. Chombo kizima kikiwekwa nje ya sheria ya habari, kila kazi kinayokabidhiwa itatoka mikononi mwa umma pamoja nacho. Mkandarasi mjanja atalijua hilo kabla ya mwananchi, na atapenda kazi zake zipitie huko.

5. CHAMA CHENYEWE

Hatuwezi kuvisema vyombo vingine tukajinyamazia. Chama ni chombo cha umma au la? Mwaka 2013 Tume ya Habari ya India iliamua kwamba vyama sita vya kitaifa ni mamlaka za umma, kwa sababu vinafaidi mali ya umma. Vyama hivyo, vya kulia na vya kushoto, vilivyogombana katika kila jambo, vilikubaliana katika jambo hilo moja: kukataa kujibu.

Sisi tuna sababu ya kutofuata mfano huo. Vyama vyetu hupata ruzuku kutoka Hazina, na hesabu zake hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Mtu akiisoma Sheria ya mwaka 2016 kwa unyofu ataona kwamba chombo kilichosajiliwa na kinachotumia fedha za umma hakimo nje yake. Zaidi ya sheria ipo historia yetu wenyewe. Mwaka 1966, Chama kilipokuwa peke yake, bila mpinzani wa kukilazimisha, kilikubali maofisa wake washtakiwe mbele ya Tume na mwananchi wa kawaida. Chama kilichokubali kuulizwa kilipokuwa na nguvu zote hakina cha kuogopa kikiulizwa leo.

Majadiliano ya ndani ya vikao kabla ya uamuzi yana haki ya faragha, kwani pasipo faragha hiyo hakuna kukosoana kwa kweli. Lakini fedha zilizopokelewa, mali zinazomilikiwa na matumizi yaliyofanyika ni mambo mengine. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

6. KAZI ILIYO MBELE YETU

Historia hii inatupa kanuni tatu. Kwanza, anayeficha ndiye anayepaswa kuthibitisha madhara. Anayeuliza hapaswi kuthibitisha sababu ya kuuliza. Pili, siri ina umri: njia za wapiganaji wa mwaka 1969 leo ni somo la historia darasani, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 imeweka miaka 30 kuwa kipimo cha kawaida cha kuzifungua nyaraka. Tatu, asiwe mwamuzi wa mwisho yule ambaye ni mshtakiwa.

Kanuni hizi hazianzii Dodoma. Zinaanzia katika mkutano mkuu wa kijiji na katika ubao wa matangazo wa chama cha msingi. Kada aliyepangwa Kitomanga aanze na karatasi ile ya makato. Aidai kwa jina la wanachama, aisome hadharani, aeleze kila tarakimu, na pale asipoielewa aseme kwamba haielewi na aende kuuliza. Akiambiwa kwamba chombo fulani hakiulizwi, asibishane juu ya chombo. Aulize ni habari ipi hasa inayozuiwa, kwa kifungu gani, na itamdhuru nani. Akirudi na jibu, akute mkutano ungali unamngoja.

Wazee wa mwambao huu walizitunza siri za ukombozi bila kulipwa. Watu walioaminiwa kwa siri nzito namna ile hawawezi leo kuambiwa kwamba hesabu ya ufuta wao ni nzito mno kwa masikio yao.